Mgongo wa Jasusi

Watu ukumbini walianza kucheka kabla jasusi wa sinema hajafika hata ukingoni mwa paa. Binti alisimama juu ya kiti, shangazi yake akamvuta sketi.

"Keti, mama, unawaziba wenzio."

"Ndiye yeye?"

"Bado. Huyo ni nyota wao, hataki kuchafuka. Penye kukimbia na kuruka ndipo walipomvalisha baba yako koti lake."

Binti alikuwa na miaka tisa, na miaka yote tisa hakupata kuuona uso wa baba. Picha ya harusi ililiwa na unyevu, ikabaki suti na viatu. Alichojua ni kwamba mwaka ule wa sitini na nane, yeye akiwa tumboni, baba aliondoka asubuhi na gari la wapiga picha, kwenda kuigiza sinema ya kuchekesha ya majasusi, na hakurudi. Majirani wa mtaa walikohamia walimalizia wenyewe: wasanii ndivyo walivyo, wakionja sifa husahau njia ya nyumbani. Mama aliwaacha waamini hivyo.

Sinema ilipoletwa tena mjini, binti aliomba wiki nzima.

"Ana haki ya kumwona," shangazi alisema mlangoni.

"Basi mpeleke wewe, wifi." Mama alikuwa anapiga pasi shati lililokwisha kunyooka zamani. "Mimi siendi kukaa gizani nisikilize watu wakicheka."

Binti alishapanga kila kitu. Angeukariri uso ule, pua, macho, mpaka masikio, ili siku wakikutana njiani amwite kabla hajampita.

"Haya, huyo," shangazi alinong'ona.

Jasusi alikimbia juu ya vigae, mgongo kwao, koti likipepea. Sanduku la siri za serikali lilifunguka, zikamwagika soksi. Watu hoi, wanashikana mabega.

"Geuka, baba," binti alisema chini chini.

Hakugeuka. Kigae kiliteleza, mikono ikatapatapa hewani, akashuka ghorofa tatu mpaka uani, puu. Kofia ilimfuata pole pole. Binti alicheka mpaka akashika tumbo.

Mzee wa kiti cha mbele aligeuka akijifuta macho. "Jamaa huyu fundi. Ungeapa kaanguka kweli."

"Ni baba yangu," binti alisema, shingo juu.

Kwenye pazia la sinema, jasusi alikuwa amekwisha kuinuka. Alipangusa koti, akawakonyeza watu. Ilikuwa sura ya yule nyota.

"Shangazi, mbona ameinuka mwingine? Baba anageuka saa ngapi?"

Shangazi alikuwa ameinamia mapaja yake.

"Kipande kile walikipiga mara moja tu," alisema. "Tulipotoka kumzika, mama yako aliwafuata, akawapigia magoti wakitoe. Wakamwambia haiwezekani, hapo ndipo watu watacheka kuliko pote."