Mkanda Uliokatika Mlimani

Fundi Kombo hakumrudishia mtu gari bila kumkabidhi na kifaa kilichoharibika, mteja asije akadhani amedanganywa. Kwa hiyo alimwekea Chande viganjani ule mkanda wa taiming unaoendesha valvu za injini, mweusi, umelegea, meno yamenyofoka.

"Huu bado mchanga, kaka," alisema. "Haujafika hata nusu ya umri wake. Sili, ule mpira wa kuzuia oili, ilivujisha, ikaulainisha, ukakatika pale mlimani na valvu zikapinda. Usijilaumu. Hakuna dereva ambaye angejua."

Chande aliitikia kwa kichwa. Aliuminya mkanda kwa kidole gumba, ukabonyea kama nyama.

"Na mama yako uliyekuwa unampeleka hospitali, mlifika?"

"Tulifika."

"Alhamdulillahi! Mwambie Kombo anamsalimu sana."

"Nitamwambia," Chande alijibu, kwa sauti ileile aliyomjibia kila mtu tangu alipotoka kumzika.

Fundi aliwasha gari. Injini ikanguruma vizuri, kama haijawahi kuzima. Akazunguka upande wa pili, akafuta vumbi kwenye dashibodi, kisha akashika mgongo wa kiti cha abiria, ambao ulikuwa umelazwa nyuma kabisa, ili aunyanyue.

"Kiache hivyohivyo," Chande alisema.

Aliuweka mkanda juu ya kiti kile, taratibu. Halafu akausukuma mlango kwa mikono miwili, usije ukajibamiza.