Kibali Ukutani

Majirani walipolalamika kuwa jengo si salama, mkaguzi Sekibo alikwenda kuiona ghorofa ambayo aliisainia kibali cha ujenzi bila kutoka ofisini. Mwenye nyumba, Bi Mwanaidi, alimpokea kwa kicheko.

"Wivu tu huo, mwanangu! Nimewaambia, mkaguzi mwenyewe kasaini."

Kibali alikuwa amekitia kwenye fremu, akakitundika sebuleni. Chini ya fremu ufa uliteremka hadi sakafuni. Sekibo aliishusha. Pale ilipotundikwa, ufa ulikuwa mpana kiasi cha kuingia kidole. Juu, wajukuu walikuwa wakirukaruka.

"Mama, waite watoto washuke."

"Kwa nini? Si ulipima?"

"Sikupima, Mama. Sikufika hapa kabisa."

Watoto waliteremka wakicheka. Bi Mwanaidi aliichukua fremu, akaifuta vumbi kwa kanga yake, akabaki akitazama ukuta mmoja baada ya mwingine.