Chumba cha Mgeni

Siku hiyo ilikuwa ville morte, maduka yote ya Butembo yamefungwa, na Katungu, fundi wa kompyuta, hakutarajia mtu kubisha. Mlangoni alisimama baba mmoja asiyemjua, viatu vimejaa udongo, ameikumbatia CD kifuani.

"Mademoiselle, natoka Luofu. Ni picha ya kichwa ya mutoto wangu. Docteur anapashwa kumupasua leo, mais ordinateur ya hospitali inakatala kuifungua."

Katungu aliijaribu. Programu ya picha iliyokuwa ndani ya CD ilikuwa ya kale. Ilitaka Windows ya kale.

"Papa, nitaingiza système ya zamani ndani ya ordinateur yangu. Itakaa humo kama mugeni, ifungue picha."

"Donc umupatie mugeni chumba," alisema baba, akijaribu kucheka.

"Hatakosa chumba, papa. Nakuahidi."

Diski ya kompyuta yake ilikuwa imejaa. Alifuta nyimbo, sinema, hata mémoire yake, tasnifu ya chuo. Mgeni bado hakuenea. Ilibaki video moja, ndefu mno kuhamishiwa kwenye simu: kaka yake akicheza kwenye arusi yake mwenyewe, kabla hajauawa njia ya Beni. Nakala nyingine haikuwepo, na leo hakuna aliyeuza flash.

"Mugeni ameisha ingia?" aliuliza baba.

Video ilikuwa imesimama pale kaka alipoinua kitambaa cheupe juu ya kichwa. Katungu alipangusa vumbi la kioo usoni pa kaka kwa kidole, polepole.

"Anaingia, papa," alisema, akabonyeza kitufe cha kufuta, Supprimer.