Mkalimani wa Nkoma

Novatus alikuwa shambani, kiroba cha pamba kiunoni, alipoitwa kwenda kuokoa uhusiano wa kimataifa.

"Wageni wa kusini wanafika saa nne," alisema Shigela, mtendaji wa kata, akihema juu ya baiskeli. "Barua ya wilaya ilichelewa njiani. Wanakuja kuona pamba yetu. Na Nkoma nzima, aliyewahi kuishi Johannesburg ni wewe peke yako."

Novatus alikifungua kiroba kiunoni polepole. Miaka tisa nyuma alirudi kijijini na kofia ya mgodini, akasimulia jinsi alivyopenya mipaka, akachimba dhahabu na kuongea Kizulu mpaka akakiota ndotoni. Kwa simulizi hizo mzee Bujiku alimpa binti yake, Milembe, bila kumsumbua sana juu ya mahari. Ukweli ni kwamba miaka yote ile Novatus alikuwa Shinyanga mjini, akiosha vyombo hotelini. Kofia aliinunua mnadani.

Mwaka huo, 1995, redio haikuwa na habari nyingine. Afrika Kusini imejikomboa, Afrika Kusini inafungua balozi, Afrika Kusini inakuja huku juu kutafuta biashara. Na Nkoma ilikuwa na pamba hadi uvunguni mwa vitanda. Tangu soko liachwe huria, kila mwenye lori na mizani alijiita mnunuzi, akapanga bei bila hata kushuka garini. Mnunuzi mmoja tu wa nchi kubwa angewakwamua.

Shigela aliwakusanya wazee akawapa itifaki.

"Watu wanaojiheshimu huongea lugha yao, mkalimani akafasiri. Leo nisisikie mtu akibabaisha Kiswahili mbele ya wageni. Kisukuma tu. Mengine mwachieni Novatus."

Land Rover ilifika ikiwa na namba za hapa hapa nchini.

"Wameikodi Dar," Shigela alinong'ona.

Walishuka wanaume watano waliojaa vumbi, vichwani wamevaa kofia zilizodariziwa kwa mkono.

"Wachimba dhahabu huvaa hizo?" aliuliza Bujiku.

"Siku za mapumziko, baba," alijibu Novatus.

Kabla mgeni yeyote hajafungua kinywa, Novatus alimdaka mkono mzee mfupi aliyewatangulia wenzake na kupaza sauti: "Zungubele mkandawile! Zungubele zwi!" Kisha akagonga ulimi kwenye kaakaa mara tatu.

Mzee yule alimtazama kwa muda mrefu. Akawatazama wenzake. Halafu, taratibu na kwa adabu kubwa, akajibu kwa lugha ambayo Novatus hakuwahi kuisikia maishani mwake.

Akina mama wakapiga vigelegele. Novatus nusura azirai kwa furaha.

Wakaingia mashambani. Mgeni alishika pamba, akasema neno. "Anasema kwao hakuna nyeupe namna hii," alifasiri Novatus. Mgeni alikohoa. "Anasema wataichukua yote." Kufikia chakula cha mchana alikuwa anafasiri hata miayo, na moyoni alianza kuamini kwamba huenda kweli aliwahi kufika Johannesburg.

Ndipo mzee Bujiku aliposimama, sahani ya wali na nyama mkononi.

"Mkwe wangu, niulizie jambo moja. Mwaka wa sabini na sita tulichangia ukombozi wa kusini. Mimi nilitoa dume langu la madoa, wakalipakia kwenye lori. Tangu siku ile sijapata habari zake. Muulize huyu namhala, mzee mwenzangu, kama lilifika."

Kila mtu aliacha kutafuna.

"Zungubele..." alianza Novatus. Akaweka vidole viwili kichwani kama pembe. "Muuu?"

Mgeni alitazama pembe zile, akatazama nyama kwenye sahani yake. Akaweka mkono kifuani na kuzungumza kwa kirefu, akionyesha mbinguni, akionyesha sahani, akimwinamia Bujiku kwa heshima. Novatus aliyaona macho ya baba mkwe wake, na kwa mara ya kwanza siku ile aliona aibu. Lakini angefanyaje?

"Anasema lilifika," alisema. "Walitaka kulichinja, wakaona lina nguvu. Lilibeba risasi mpaka siku ya ushindi."

Bujiku aliketi polepole, akajifuta machozi kwa kiganja.

"Nilijua," alisema. "Lilikuwa kali tangu ndama."

Saa kumi waliagana. Shigela alitikisa mikono yote kumi ya wageni, mingine mara mbili. Novatus aliwasindikiza hadi garini, akagonga ulimi mara ya mwisho na kumfungia mlango mzee yule mfupi. Mzee alivua kofia, akashusha pumzi ndefu, akamgeukia dereva.

"Washa gari, mwanangu, turudi zetu Mtwara," alisema kwa Kiswahili kilichonyooka. "Na tukifika Newala, mtu asije akaniambia tena kwamba Wamakonde ndio hatujui Kiswahili."