Wageni wa Primus

Thadeus alifunga mlango wa ofisi kwa ufunguo, akashusha pazia, ndipo akamruhusu Evelyn achomeke flashi kwenye kompyuta. Ilikuwa asubuhi ya jua kali mjini Moshi, na kila aliyepita alijiuliza mzee wa kanisa anaficha nini siku ya kazi.

"Zote zimo?" aliuliza.

"Anwani zote, baba mdogo. Nimezitoa kwenye ile huduma anayotumia Primus kuwaandikia wageni wake. Tukiziingiza kwenye huduma yako, unaandika barua pepe moja tu, inawafikia wote kwa mkupuo."

Evelyn alikuwa binti wa kaka yake. Mpaka Ijumaa alikuwa karani wa Primus, ng'ambo ya barabara. Jumatatu akawa Meneja wa Masoko wa Thadeus, katika ofisi ya viti vitatu, kimoja kibovu.

Huyo Primus zamani alikuwa mtu wa Thadeus. Ndiye aliyewaongoza wageni mlimani, akawapokea uwanja wa ndege, akajibu na barua zao, kwa sababu Thadeus mambo ya kompyuta yalimpa usingizi. Mwaka 2003 aliaga kwa adabu, akanyweshwa soda na kuombewa safari njema, akaenda kufungua kampuni yake ya kupandisha watalii Kilimanjaro. Miaka minne baadaye alikuwa na magari mapya na ofisi yenye vioo.

Magari Thadeus angeyavumilia. Kilichomnyima raha ni wageni. Wageni wa Primus walikuwa na shukrani. Mmoja akipanda mwaka huu, mwakani anamleta dada yake, halafu jirani, halafu daktari wa jirani. Wageni wa Thadeus wakishapaa kurudi kwao, hata kadi ya Krismasi hawakutuma. Alikuwa amelipeleka jambo hilo kwenye maombi ya jumuiya, bila kutaja majina, na kila mtu alijua anamsema nani.

Evelyn alibofya, akasubiri. Kabla ya kupokea anwani, huduma iliuliza swali: je, watu hawa wote waliwahi kukubali kupokea barua kutoka kwako?

"Hapa lazima tujibu, baba mdogo."

Thadeus alivua kofia, akafumba macho, akanong'ona sala fupi. Kisha akaushika mkono wa binti wa kaka yake na kuuelekeza kwenye "ndiyo."

Majina yakaanza kumiminika.

"Yupo unayemfahamu?" Evelyn aliuliza.

"Nitamfahamia wapi? Wazungu wana majina manane tu, wanapokezana." Katika miaka yake yote ya kazi, Thadeus alimwita kila mgeni "rafiki yangu," kuanzia anapomlaki mpaka anapomuaga, na hakuona upungufu wowote.

"Wengi ni wa zamani. Primus anasema alikuwa nao tangu siku ya kwanza anafungua ofisi."

"Kuna watu wanazaliwa na bahati. Haya, andika."

Akaanza kuamuru, huku anatembea huku na huku, mikono mgongoni, na Evelyn akaigeuza Kiingereza. Barua ilimpa pole mgeni kwa yaliyompata Kilimanjaro. Ilisema kampuni iliyompandisha ilimlisha uji wa maji na kuuita supu. Ilimlaza kwenye hema linalovuja, huku mahema mazuri yakipigwa picha za matangazo tu. Ilisema bakshishi alizowaachia wapagazi ziliishia mfukoni mwa mwenye kampuni kabla gari halijafika Moshi. Thadeus hakusita hata mara moja. Maneno yalimtoka kama maji ya mfereji, moja likilivuta jingine.

Evelyn alisimamisha vidole. "Primus tumtaje?"

"Usimtaje, atatupeleka mahakamani. Sema 'kampuni iliyokupandisha.' Wenyewe wanaijua."

Akaweka jina lake chini ya barua, pamoja na cheo chake cha kanisani ili waone ni mtu wa namna gani, na barua ikaondoka.

Jioni alipanda kwake Machame akiwa mtu mwingine. Mkewe, Doris, alimwandalia mtori, akamaliza bakuli mbili, akatangaza kwamba msimu huu itabidi wakodi magari, na huenda Primus akaja kuomba kazi. "Nitampokea," alisema. "Mimi si mtu wa kinyongo."

Kesho yake hakukaa sawa mpaka Evelyn alipompigia simu akimwambia majibu yameanza kuingia, tena mengi. Alishuka mjini mbio. Safari hii alifungua mlango wazi na kupandisha pazia mpaka juu, ili ng'ambo ya barabara waone vizuri. Akakalia kiti kizima.

"Nisomee."

Evelyn alikuwa ametulia isivyo kawaida. "Baba mdogo, labda usome mwenyewe kwanza."

"Soma kwa sauti. Hapa hakuna siri."

Evelyn akakohoa, akatafsiri polepole, macho kwenye kioo cha kompyuta.

"'Ndugu Thadeus, tumeguswa sana na barua yako. Ni wafanyabiashara wachache wanaoweza kukiri hivi. Hema tunalikumbuka, supu tunaikumbuka, na hizo bakshishi tulizihisi tangu ulipotuaga pale uwanja wa ndege na kutuita marafiki zako. Tumekusamehe. Binti yetu mdogo anakuja kupanda mwezi wa nane; kama tulivyofanya kwa kaka zake, tumeshamwandikia Primus.'"