Unga Mweupe wa Mkamwana

Mama mkwe alisimama nyuma ya mlango wa jikoni, ndara mkononi, jicho kwenye upenyo. Mkamwana alikuwa amekwisha kukaanga karanga na kuzipukusa maganda. Sasa alikuwa akizisaga kwenye blenda, akiizima kila ilipopata moto. Siagi ya karanga ilipolainika akatia chumvi kidogo, akachungulia dirishani, kisha akatoa kopo lisilo na maandishi kwenye kabati la juu. Ndani mlikuwa na unga mweupe. Akachota, akakoroga.

Mama hakuzaliwa jana. Limbwata alilijua, ile dawa ya kumfanya mume awe kondoo wa mkewe. Mwanawe huyu wa pekee, aliyekuwa akijaza sukari kwenye chai mpaka kijiko kinasimama, sasa hatii hata chembe. Soda kaacha. Jioni anatoka kutembea na mkewe bila ubishi. Mambo yalianza siku walipompeleka mama kupima macho. Tangu hapo ni kunong'onezana tu, na akiingia sebuleni mazungumzo yanakatika. Aliogopa asije akaamka siku moja akakuta mwana hamtambui tena.

Alimbana mkamwana: unga gani ule? Binti akababaika, akasema ni wa kutia utamu tu, kaununua duka la dawa.

"Tangu lini utamu ukauzwa duka la dawa?"

"Mama, wewe kula tu. Nimekutengenezea na wewe."

Na yeye! Maneno hayo yalimkata maini. Kuanzia siku hiyo kipande chake cha mkate alikifunga kwenye upindo wa kanga, akawatupia kuku wa jirani.

Mkamwana alipokwenda sokoni, mama alipanda kwenye kiti, akashusha kopo, akaumwagia ule unga chooni. Alikwenda dukani kununua sukari, akaitwanga kwenye kinu cha viungo mpaka ikawa laini, akajaza kopo na kulirudisha mahali pake. Moyo ukamtulia. Mwanawe alikuwa amekombolewa, na mwenyewe wala hajui.

Siagi iliyofuata ilikuwa tamu ajabu. Mama, sasa bila wasiwasi, alipaka mkate ukajaa, akamalizia kwa kijiko. Mkamwana alifurahi kupita kiasi, akamwongezea. Mwana naye alikuwa akimtazama mama anavyotafuna, huku yeye akionja kidogo tu. Mama akajua dawa imeanza kumtoka. Akala tena kesho yake, na keshokutwa, kwa moyo mkunjufu.

Asubuhi moja akaanguka kando ya sinki, ulimi mkavu, macho yamejaa ukungu.

Alizindukia wodini, sindano mkononi. Nyuma ya pazia daktari alikuwa akifoka, akitaka kujua mgonjwa amelishwa nini, na mkamwana alikuwa akilia kwa kwikwi. Mama akatabasamu kwa shida. Leo kanaswa.

Ndipo akaisikia sauti ya mwanawe.

"Daktari, sukari hatukumpa. Tuliiacha nyumba nzima, ili mama asijue kuwa ana ugonjwa uliomuua dada yake. Hata hiyo siagi, mke wangu alikuwa anamtengenezea yeye."