Chupa ya Seli za Mwanahija

Chupa ilikuwa bapa, ya plastiki, na ndani mlikuwa na majimaji mekundu yaliyofifia kama juisi ya rosela iliyozidi maji. Humo ndimo zilimoishi seli za Mwanahija, zilizochukuliwa mwilini mwake angali hai, mtoto aliyezikwa kabla ya mvua.

"Bado zi hai?" aliuliza Zuwena, mama yake. Mdogo wa marehemu alikuwa mgongoni, akipumua kwa shida ileile ya dada yake.

"Zi hai, mama," alisema Nyamizi, mtaalamu wa maabara. "Ila nikizitia dawa hii zitakufa. Ndani ya kila seli kuna uzi mrefu uliojikunja, na sehemu zake za mbali hugusana. Dawa inazigandisha vilevile zilivyogusana, ndipo tutafute penye kasoro. Huenda tukamsaidia huyu. Usipotaka, sitii."

Zuwena akaikaza kanga iliyombeba mtoto. "Tia."

Nyamizi akatia dawa, akafunga kifuniko, akaipeleka chupa kwenye mashine ya kutikisia. "Sasa itikiswe polepole, dawa ienee."

"Mashine ndiyo imbembeleze mwanangu? Hebu nipe huko!"

Nyamizi akasita, kisha akamvisha glavu, akampa. Zuwena akaketi kwenye stuli, akawa anaiinamisha chupa huku na huku, taratibu, akiangalia isifanye povu. Goti likaanza kucheza lenyewe. Mgongoni mtoto akasinzia.

"Imetosha, mama," Nyamizi alisema.

"Ngoja kidogo," Zuwena alinong'ona. "Ndiyo kwanza analala."

Wala hakuacha kuitikisa.